Rangi, Sauti na Uigizaji: Namna ya Kutengeneza Filamu ya Vichekesho ya Familia

Filamu ya vichekesho ya familia ina watazamaji wagumu kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa miaka sita, mzazi wake na bibi yake wameketi mbele ya skrini moja, na kila mmoja anacheka kwa sababu yake. Mtoto hucheka anachokiona na kukisikia. Mtu mzima hucheka anachokielewa. Ndiyo maana skripti inaweza kuwavunja watu mbavu siku ya kuisoma mezani, halafu ukumbi ukawa kimya siku ya kuonyesha filamu. Mara nyingi maneno hayana kosa. Rangi, sauti na uigizaji ndivyo vilivyogombea kazi moja.

Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: kila kichekesho kiwe na mbebaji mmoja. Akikibeba mwigizaji, rangi na sauti zimpishe. Ikikibeba sauti, mwigizaji atulie. Mtu akiteleza huku tarumbeta inalia, mwenzake anakodoa macho na kamera inamsogelea usoni, mtazamaji ameamrishwa mara tatu acheke, na kicheko hakiji kwa amri.

Anza na kalamu, kabla ya kamera

Chukua skripti, pitia kila kichekesho, na pembeni yake andika herufi moja tu: R kama kinabebwa na kinachoonekana (rangi, vazi, kitu kilichomo chumbani), S kama ni sauti, U kama ni mwigizaji. Ukijikuta unataka kuandika herufi mbili, bado hujaamua, na usipoamua wewe sasa, siku ya kupiga picha kila fundi ataamua kwa upande wake. Kisha tafuta mahali kila kichekesho kinapotegwa na mahali kinapofyatuka. Mtego usioonekana vizuri au usiosikika hauna cha kufyatua, na hili ndilo kosa linaloua vichekesho vingi kuliko uigizaji mbaya.

Tuchukue onyesho moja tulitumie mpaka mwisho. Baba ametangaza kwamba bomba la jikoni amelitengeneza mwenyewe. Wageni wako mezani, wanakula. Ndani ya kabati la sinki, tone la maji linaangukia ndoo. Baba anasikia. Mama anasikia. Wageni bado. Mwishoni mtoto anatoka jikoni amekumbatia ndoo iliyojaa hadi ukingoni, anauliza aimwage wapi.

Sehemu ya kwanza yote ni S: mbebaji ni tone. Mwisho ni R: mbebaji ni ndoo. Kati yake pana U moja fupi, uso wa mama. Uamuzi huu mdogo ndio utakaowaongoza watu wa mavazi, taa, sauti na uhariri.

Rangi: tuliza chumba ili kitu kimoja kionekane

Watu wengi wakisikia "filamu ya familia" hukimbilia rangi kali kila mahali: ukuta wa machungwa, kochi la kijani, mashati ya nyekundu. Matokeo yake jicho halijui litue wapi. Chagua rangi mbili au tatu tulivu za nyumba nzima, kisha mpe kila mhusika mkuu rangi yake moja anayorudi nayo katika mavazi kwa viwango tofauti. Mtoto mdogo hufuata filamu kwa rangi kabla ya kushika majina. Akimwona mtu wa shati la bluu kwa mbali anajua ni mjomba, na kichekesho cha mjomba kujificha nyuma ya pazia kinamfikia papo hapo.

Halafu weka rangi moja akiba. Katika onyesho letu, ndoo ni ya njano, na hakuna njano nyingine chumbani: si kitambaa cha meza, si vikombe, si nguo ya mgeni. Wakati tone linadondoka ndoo haionekani kabisa, kwa sababu hapo kazi ni ya sauti. Siku mtoto anapotokea nayo mlangoni, macho ya ukumbi mzima yanaikimbilia bila kamera kusogea. Fanya jaribio rahisi: piga picha ya seti kwa simu, iangalie ikiwa ndogo kama stempu, na umwulize mtu asiyeijua skripti kitu cha kwanza alichokiona. Akitaja kochi, badilisha kochi.

Kwenye mavazi, epuka mistari myembamba iliyobanana na miraba midogo. Kamera za dijitali huifanya itetemeke kwenye skrini. Nyekundu iliyokolea sana nayo ni ya kuangalia, kwa kuwa huwahi kupoteza mikunjo ya kitambaa ikageuka doa tupu. Nyeupe kabisa karibu na uso mweusi inalazimisha mpiga picha apunguze mwanga, na uso ndio unaoumia. Chovya nguo hiyo kwenye chai ya rangi au tumia rangi ya maziwa. Kwenye skrini bado itasomeka nyeupe.

Taa za vichekesho ni laini na zimeenea. Tofauti kati ya taa kuu na upande wa kivuli iwe ndogo, takriban mbili kwa moja, yaani upande mmoja upate mwanga mara mbili ya mwingine. Filamu ya mashaka inaweza kwenda nane kwa moja na ikapendeza, lakini komedi ikifika huko tunapoteza nusu ya uso, na nusu ile ndiyo iliyokuwa inatuambia baba anadanganya. Njia nafuu ya kupata ulaini ni kuelekeza taa yenye nguvu kwenye dari jeupe au ubao mweupe mkubwa, badala ya kumwelekea mwigizaji. Faida yake nyingine ni kwamba waigizaji wanaweza kutembea chumba kizima bila kuingia gizani, na komedi inahitaji miguu.

Pale ambapo nyuso nyeusi na nyeupe ziko pamoja, sogeza mwenye ngozi nyeusi karibu zaidi na chanzo cha mwanga na umpatie eneo kubwa jeupe la pembeni ling'ae kwenye shavu. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao zaidi kuliko kwa wingi wa mwanga. Mafuta kidogo ya kupaka hufanya kazi ambayo taa ya ziada haiwezi.

Usichanganye taa bila kukusudia. Mwanga wa mchana una Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5600 hivi, balbu za manjano za kizamani kati ya 2700 na 3200. Ukiwasha balbu hizo karibu na dirisha, uso mmoja utakuwa wa bluu na mwingine wa machungwa, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayowaridhisha wote wawili. Chagua kimoja: funga dirisha, au badilisha balbu. Weka mizani ya weupe ya kamera (mpangilio unaoiambia nyeupe ni ipi) kwa mkono, kamwe si otomatiki, la sivyo rangi ya chumba itabadilika katikati ya shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) mtoto wa shati jekundu anapopita mbele. Ukipiga kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Mahali ambapo umeme ni wa hezi 60 na taa zinapepesa, nenda 1/60.

Wakati wa kurekebisha rangi, anza na ngozi ndipo uende kwa vingine. Kwenye vektaskopu, grafu ya duara inayopima rangi katika programu ya uhariri, ngozi za watu wote, weusi kwa weupe, huangukia karibu na mstari mmoja kati ya nyekundu na njano. Nyuso zikikaa hapo, unaweza kuongeza joto la chumba kidogo bila watu kuonekana wagonjwa. Zuia kishawishi cha kuzidisha ukolezi wa rangi filamu nzima. Ndoo yetu ya njano ina nguvu kwa sababu kila kitu kingine kimetulia.

Sauti: hapa ndipo kicheko kinapatikana au kupotea

Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu kidogo. Neno la mwisho la kichekesho lisiposikika, hapana msamaha.

Siku ya lokesheni, kabla ya kufunga taa hata moja, simama katikati ya chumba dakika nzima ukiwa kimya. Friji, feni, saa ya ukutani, jenereta ya jirani: orodhesha, zima. Ukizima friji, weka funguo za gari ndani yake. Hutaondoka bila kuiwasha tena. Chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu kinarudisha mwangwi, na mwangwi unafuta konsonanti. Tandika mablanketi mazito sakafuni nje ya picha na uning'inize mawili nyuma ya kamera.

Maiki ya fimbo ikae juu ya kichwa cha mwigizaji, nusu mita hivi kutoka mdomoni, ikielekea kifuani. Maiki ya kifuani ifungwe upana wa kiganja kimoja chini ya kidevu, na waya wake ukunjwe kitanzi kidogo na kubandikwa ili kitambaa kisikwaruze. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Mazungumzo ya kawaida yacheze kati ya desibeli −20 na −12 kwenye kipimo cha kidijitali, ambapo sifuri ndiyo dari. Watoto na waigizaji wa vichekesho hupaza sauti ghafla bila taarifa, kwa hiyo rekodi mkondo wa pili wa maiki ileile ukiwa chini kwa desibeli 10. Kelele ikigonga dari kwenye mkondo wa kwanza, unachukua wa pili. Sauti iliyokatwa na dari hairekebishiki.

Baada ya kila eneo, rekodi sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa chumba, watu wote wakiwa wamesimama walipokuwa. Mhariri atazihitaji kila atakaporefusha kimya kabla ya kichekesho. Kimya cha kompyuta, kile cha sifuri kabisa, husikika kama hitilafu ya spika, na mtazamaji anashtuka badala ya kusubiri.

Sasa tone letu. Usitegemee lile lililorekodiwa siku ya kupiga picha. Waigizaji waongee kana kwamba linasikika, ulitengeneze baadaye. Tafuta ndoo tatu, mbili za bati na moja ya plastiki, na uangushe matone kutoka urefu wa nusu mita, maiki ikiwa karibu. Kwenye bati tupu tone linalia kwa mlio mkali wa juu. Kukiwa na maji kidogo ndani, mlio unakuwa wa duara na mzito. Tumia tofauti hiyo: matone ya mwanzo yawe ya bati tupu, ya mwisho yawe ya maji. Bila mtu kusema lolote, mtazamaji anajua ndoo inajaa. Haina shida kwamba ndoo itakayoonekana ni ya plastiki. Sikio linakubali kinachosadikika, na mafundi wa sauti wamekuwa wakifanya hivi tangu Jack Foley alipoanza kazi hiyo kwenye studio za Universal mwishoni mwa miaka ya 1920.

Ratiba ya matone ndiyo kichekesho chenyewe. La kwanza lianguke mazungumzo yakiwa yametua, peke yake, wazi, ili hata mtoto alisikie. Huo ndio mtego. La pili baada ya sekunde nne. La tatu tena baada ya sekunde nne. Hapo mtazamaji ameshika mdundo na anaanza kuhesabu. La nne lisije kwa wakati wake. Acha sekunde sita, baba ashushe mabega, afungue mdomo kusema, ndipo lianguke. Ukiyapanga yote kwa nafasi sawa, tone la nne linakuwa taarifa tu.

Na muziki? Hapa usiwepo kabisa. Muziki wa kuchekesha unaopita chini ya onyesho zima, ule wa kinanda na zumari unaorukaruka, ni woga wa mwongozaji asiyeamini onyesho lake. Unapotumika, uingie baada ya kicheko ili utupeleke onyesho lijalo, au uwe mzito kuliko hali yenyewe: wimbo wa maombolezo juu ya mtu anayetafuta soksi yake huchekesha kwa kuwa unalichukulia jambo dogo kwa uzito ule anaouona mhusika. Mahali ambapo muziki na maneno lazima viende pamoja, punguza muziki katika eneo la kilohezi 1 hadi 4, mahali konsonanti za mwanadamu zinapokaa, badala ya kuushusha wote.

Kwa kuanguka na kugongana, mara nyingi kilicho nje ya picha huchekesha kuliko kilichomo. Mtu anapotoka mlangoni na trei, mlango unafungwa, kimya, kisha vyombo. Kila mtazamaji anajichorea ajali yake. Ila filamu ya familia inadai jambo moja zaidi: ndani ya sekunde moja au mbili tusikie sauti ya aliyeanguka, "Sijambo!", kwa maana mtoto mwenye wasiwasi hacheki. Na usiweke kichekesho cha umeme, maji ya moto au mfuko kichwani. Watoto huigiza nyumbani walichokiona.

Uigizaji: mhusika hajui kama anachekesha

Mwigizaji wa komedi apewe jambo la kutaka. "Chekesha hapa" ni agizo lisilotekelezeka. "Wageni wasijue" linatekelezeka, na baba akiling'ang'ania kwa moyo wote, kila tone litamwongezea tabu. Kwa tone la kwanza uma wake unasimama hewani nusu sekunde. La pili anaongeza sauti kidogo. La tatu anaanza kugonga kijiko kwenye sahani ili kufunika mlio. Anapanda ngazi moja baada ya nyingine. Akianza na kijiko kwenye tone la kwanza, hana pa kwenda.

Na asitazame upande wa sinki hata mara moja. Waigizaji wapya hutazama mahali sauti inapotoka, kwa sababu ndivyo mtu angefanya. Lakini mtu anayeficha kitu hufanya kinyume: huangalia kila mahali isipokuwa hapo.

Uso wa mama ni suala la pekee. Mwongozaji wa Urusi Lev Kuleshov, katika majaribio yake ya karne iliyopita, aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha tofauti, na watazamaji wakaona hisia tofauti. Komedi inaishi kwa somo hilo. Baada ya tone la tatu, kata uende kwa mama. Aweke kijiko chini taratibu, amtazame mumewe, basi. Macho makavu. Akikunja midomo, akipandisha nyusi na kutikisa kichwa, amemaliza kazi yote mwenyewe na mtazamaji hana la kujaza.

Piga onyesho kwanza kwa shoti pana yenye watu wote, miguu na mikono ikionekana, na uliache liende bila kukatwa. Hapo mdundo ni wa waigizaji, na mdundo wa watu wawili walioko chumba kimoja ni vigumu kuubuni kwenye meza ya uhariri. Ndipo uende kwa shoti za karibu. Kwenye shoti za karibu mtu mmoja asiingilie maneno ya mwenzake, hata kama kwenye shoti pana waliingiliana. Maneno yakipandana, mhariri hawezi kukata. Chukua angalau teki (marudio ya kupiga picha) tatu tofauti za kila kifyatuo, yaani pale kichekesho kinapofyatuka: moja kama ilivyoandikwa, moja iliyopunguzwa nusu, moja ya haraka zaidi. Kwa kawaida ile iliyopunguzwa ndiyo inayoingia kwenye filamu.

Watoto wana utaratibu wao. Sheria za nchi nyingi zinaweka kikomo cha saa zao za kazi, kwa hiyo ulizia kabla ya kupanga ratiba. Piga shoti zao za karibu mapema, wangali na nguvu, na mazoezi yasizidi robo saa. Usimwambie mzazi amkaririshe mtoto nyumbani: atakuja na wimbo wa maneno, sauti ikipanda na kushuka palepale kila teki, na kuuondoa ni kazi ya siku nzima. Mpe kazi ya mikono badala yake. Yule wa ndoo aambiwe tone lisimwagike sakafuni. Ndoo iwe na maji kweli, theluthi mbili, nyepesi ya kuweza kubebeka, na ukingo tuutengeneze kwa pembe ya kamera. Atakuwa makini kwelikweli, na umakini wake ndio unaochekesha. Swali lake la "Niimwage wapi?" alisemewe nyuma ya kamera mstari mmoja kabla, alirudie kwa lugha yake. Washa kamera tangu jaribio la kwanza.

Mezani kwa mhariri

Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na kwenye komedi fremu mbili zinasikika. Baada ya kifyatuo, kaa kwenye picha hiyo kwa nusu sekunde hadi sekunde nzima kabla ya neno muhimu linalofuata. Ukumbi ukicheka kwa nguvu, watakosa linalosemwa. Weka hapo uso wa mtu anayepokea, au mlango unaofungwa, kitu ambacho hata kikipotea hadithi haipotei. Lakini usiache pengo tupu la kusubiri kicheko, maana atakayetazama peke yake kwenye simu atalihisi kama shimo.

Mtoto anapotokea na ndoo, kosa la kawaida ni kukata mapema mno kwenda kwa nyuso za wageni. Kaa kwenye shoti pana: mlango, njano, mtoto, meza nzima ikigeuka. Baada ya swali lake ndipo ukate kwa baba, mara moja tu.

Changanya sauti kwa spika nzuri, kisha sikiliza kwa simu na kwa televisheni ya kawaida kwa sauti ya chini. Tone likipotea kwenye simu, onyesho zima limepotea, kwa hiyo chagua mlio wenye ukali wa kutosha juu badala ya kuliongezea tu nguvu. Kiwango cha mwisho cha sauti kifuate mahali filamu inapokwenda: runinga nyingi za Ulaya hutaka LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti) −23, za Marekani −24, na mtandaoni karibu −14 inatosha, kilele kisivuke desibeli −1.

Halafu ionyeshe kwa watu wasiowajua watengenezaji, watoto wakiwemo, angalau kumi na wawili. Wachache kuliko hao huoneana aibu kucheka. Usikae ukiwatazama. Weka kinasa sauti mbele ya ukumbi, kiache kirekodi filamu nzima pamoja na watu, kisha uilaze rekodi hiyo chini ya filamu kwenye programu ya uhariri, ikilingana nayo. Utaona kwa macho kila kicheko kilipoanzia na kilipoishia. Kikianza kabla ya kifyatuo, mtego wako umefichua mno. Ondoa tone moja. Watoto wakicheka peke yao na watu wazima kimya, angalia uso wa mama kama hukuukata mfupi. Watu wazima wakicheka na watoto wakauliza "kuna nini?", tone la kwanza halikusikika: liongezee fremu kumi za kimya mbele yake na ujaribu tena na watu wengine.